Kwa Nini Hapa, Kwa Nini Si Pale: Hotuba kwa Wanaoanza Masomo ya Jiografia

Ndugu wanafunzi, walimu wenzangu, wazazi na walezi mliowasindikiza vijana wenu, nawasalimu nyote, na nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kusema nanyi.

Kabla sijaingia humu nimesimamisha kijiti pale nje, mahali pa wazi. Ncha ya kivuli chake ilipoishia nimeweka jiwe. Naomba mkikumbuke kijiti hicho, maana tutakirudia tukitoka.

Nianze na swali ambalo karibu kila mmoja wenu ameshaulizwa tangu alipotaja somo alilochagua: "Jiografia? Kisha utafanya kazi gani?" Anayeuliza hana nia mbaya. Anakumbuka jiografia aliyofundishwa yeye: miji mikuu, milima mirefu, mito na mahali inapomwaga maji yake, mazao makuu ya nchi ambazo hatazikanyaga. Anajiuliza, na ana haki ya kujiuliza, nani atamlipa mtu mshahara kwa kuujua mji mkuu wa Mongolia ilhali simu ya mfukoni inaujua pia. Mimi nami nilifundishwa hivyo. Nilikariri, nikapata alama nzuri, na miaka ikapita kabla sijatambua kwamba nilikuwa nimefundishwa herufi bila kufunguliwa ukurasa hata mmoja. Majina ya mahali ndiyo irabu na konsonanti za somo hili. Lazima uyajue. Lakini anayezijua herufi zote hajawa bado msomaji.

Kusoma kwenyewe huanza na swali fupi: kwa nini hapa? Kwa nini jambo hili limetokea hapa, wala halikutokea pale ng'ambo, hatua mia mbili kutoka hapa? Swali hili linaonekana dogo. Nataka niwaonyeshe uzito wake kwa kisa kimoja, nami nitakisimulia taratibu kwa sababu kwa kawaida husimuliwa haraka mno, na kwa haraka hiyo hupotea sehemu yake iliyo bora.

Mwishoni mwa Agosti 1854 kipindupindu kilizuka Soho, katikati ya London. Kwa muda wa siku kumi hivi watu zaidi ya 500 walikufa, na karibu wote waliishi katika eneo ambalo mtu hulivuka kwa miguu kwa dakika chache. Madaktari wengi wa wakati ule waliamini kuwa ugonjwa huo husafiri katika hewa yenye uvundo. Na Soho ilinuka kweli, kwa hiyo hoja yao ilikuwa na sura ya ukweli. Daktari mmoja, John Snow, yeye alikuwa na imani kwamba husafiri katika maji. Alishaliandika jambo hilo miaka mitano nyuma, na wachache tu walimsadiki.

Snow alikwenda kwenye ofisi ya kuandikisha vifo, akachukua orodha ya marehemu na nyumba zao. Akaona karibu wote walikaa jirani na pampu moja ya maji, iliyokuwa Broad Street. Mwenye haraka angeishia hapo. Yeye aligeukia wale waliomharibia hesabu: vifo 10 vilivyotokea katika nyumba zilizo karibu zaidi na pampu nyingine. Akaenda kubisha hodi. Familia za watano zikamwambia kwamba siku zote walituma mtu Broad Street, kwa kuwa maji ya huko waliyapenda zaidi. Watatu wengine walikuwa watoto, na shule yao ilikuwa jirani na pampu ileile.

Kisha akawageukia waliopaswa kufa wakapona. Palikuwa na nyumba ya kutunzia maskini yenye watu 535, imezungukwa na vifo kila upande, na ndani yake walikufa 5 tu. Akauliza, akaambiwa wana kisima chao wenyewe. Palikuwa na kiwanda cha bia mtaa uleule, chenye wafanyakazi zaidi ya 70, na hakufa hata mmoja: kiwanda kilikuwa na kisima chake, na wafanyakazi walipewa bia, hawakuwa na haja ya kwenda pampuni. Na mwisho kabisa, palikuwa na mama mjane aliyeishi Hampstead, mbali na Soho, mahali ambapo hapakuwa na mgonjwa mwingine. Alikufa kwa kipindupindu tarehe 2 Septemba. Snow akaenda kuuliza. Mama huyo aliwahi kuishi Soho, akayapenda maji ya Broad Street kiasi cha kuletewa chupa kubwa kwa mkokoteni kila siku. Mpwa wake aliyekuja kumtembelea akayanywa pia, akarudi kwake Islington, naye akafa.

Jioni ya tarehe 7 Septemba Snow aliwaeleza viongozi wa parokia. Kesho yake mpini wa pampu ukaondolewa. Ni kweli kwamba wakati huo vifo vilikuwa vimeshaanza kupungua, kwa sababu watu wengi walikuwa wameukimbia mtaa, na Snow mwenyewe aliandika hivyo waziwazi. Mimi kwa hilo namheshimu kuliko kwa ule mpini.

Na ramani je? Ile ramani mashuhuri, yenye vistari vyeusi vilivyopangwa mbele ya nyumba, kistari kwa kila aliyekufa, aliichora baadaye, ili wengine waone alichokwisha kukiona. Hilo ndilo hupotea tunapokisimulia kisa haraka. Tunawaambia wanafunzi kwamba ramani iligundua chanzo cha kipindupindu. Kilichogundua ni miguu na masikio, na uvumilivu wa kumfuata kila mmoja asiyeingia katika hesabu hadi ajulikane sababu yake. Ramani ilikuwa shahidi, na shahidi huitwa baada ya jambo kuchunguzwa.

Snow hakuwa mwanajiografia, alikuwa daktari. Lakini siku zile za Septemba alifikiri kama mwanajiografia hasa, na kila ninapoulizwa somo letu ni nini ndicho kisa ninachokitoa.

Sasa mtaniuliza: daktari ana mwili, mwanabotania ana mimea, mwanauchumi ana soko na fedha. Sisi chetu ni kipi? Ni swali ambalo limewahi kutugharimu. Mwaka 1948 Chuo Kikuu cha Harvard kilifunga masomo yake ya jiografia, na miongoni mwa hoja zilizosemwa ni kwamba somo hili halina kiini chake, linaokota kila mahali. Mimi naona lawama hiyo ilitazama upande usio wake. Chetu ni mahali. Na mahali hapagawanyiki kwa vitivo. Mvua hainyeshi kwenye idara ya hali ya hewa peke yake. Inanyesha juu ya shamba la mtu mwenye deni, kwenye mteremko uliokatwa miti, juu ya barabara iliyojengwa bila mitaro, na yote hayo yanatokea kwa pamoja saa ileile.

Chukueni Bahari ya Aral, kati ya Kazakhstan na Uzbekistan. Hadi miaka ya 1960 lilikuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani. Mito miwili iliilisha, Amu Darya na Syr Darya. Serikali ya Kisovieti ikaamua kuyachepusha maji ya mito hiyo kumwagilia mashamba makubwa ya pamba jangwani. Pamba ikaota. Ziwa likaanza kurudi nyuma mwaka hadi mwaka, chumvi ikazidi majini, samaki wakafa, viwanda vya samaki vikafungwa. Moynaq, uliokuwa mji wa bandari, leo uko mbali na maji kwa makumi ya kilomita, na meli za uvuvi zimebaki zimekaa mchangani. Sakafu ya ziwa iliyoachwa wazi ikawa jangwa la chumvi lenye mabaki ya dawa za mashambani, na upepo ukalichukua vumbi hilo ukalipeleka vifuani mwa watu. Hata hali ya hewa ya karibu ilibadilika: bila maji mengi ya kupoza na kuhifadhi joto, kiangazi kikawa kikali zaidi na baridi nayo ikazidi.

Mtaalamu wa maji ataeleza kipande kimoja cha mkasa huo, na atakieleza vizuri kuliko mimi. Mtaalamu wa kilimo ana chake, daktari ana chake, mwanahistoria wa siasa za Kisovieti ana chake. Lakini yupo lazima mtu wa kukaa katikati, anayeweza kusema: mfereji huu uliochimbwa pale ndio uliokifunga kiwanda hiki hapa, na ndio anaoukohoa mtoto yule kule. Huyo ndiye tunayetaka kumlea katika somo hili. Na kwa kuwa nimelitaja ziwa hilo sitaki mdhani limekufa lote. Mwaka 2005 lilikamilika bwawa la Kok-Aral, likaizuia sehemu ndogo ya kaskazini isimwage maji yake kusini. Maji yakapanda, chumvi ikapungua, wavuvi wakarudi. Sehemu ya kusini haikupata bahati hiyo.

Sasa niseme jambo ambalo si la kupendeza, na heri mlisikie leo kutoka kwetu wenyewe. Somo hili limewahi kutumika vibaya, na si mara moja.

Ramani ni dai. Anayechora huchagua kipi kionekane na kipi kipotee, na hawezi kuukwepa uchaguzi huo, kwa maana hakuna karatasi bapa inayoweza kuubeba uso wa tufe bila kuuvuta mahali fulani. Mwaka 1569 Gerardus Mercator alitoa ramani ya dunia ambayo nahodha angeweza kupiga mstari ulionyooka juu yake na kuufuata kwa dira bila kubadili uelekeo. Kwa baharia ilikuwa neema kubwa. Gharama yake ni kwamba nchi hutanuka kadiri zinavyoikaribia ncha ya dunia. Humo Greenland inaonekana kama inalingana na Afrika, ilhali Afrika ni kubwa kuliko Greenland mara 14. Mercator hakumdanganya mtu. Waliokosea ni waliokuja kuichukua ramani ya mabaharia wakaitundika ukutani mwa madarasa, vizazi na vizazi vya watoto wakaamini hivyo ndivyo dunia ilivyo.

Hilo ni kosa la bahati mbaya. Mengine hayakuwa ya bahati mbaya. Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 uliweka masharti ya mataifa ya Ulaya kuigawana Afrika, na katika miaka iliyofuata mistari ikachorwa mezani, mingi ikifuata rula na digrii za latitudo na longitudo, na watu ambao hawakuwahi kuiona ardhi waliyokuwa wakiikata. Vyama vya kijiografia vya Ulaya vilishangilia. Mwanajiografia wa Ujerumani, Friedrich Ratzel, aliifananisha nchi na kiumbe hai kinachohitaji nafasi ya kukua, na wazo hilo baadaye likawafaa sana Manazi walipotaka sababu ya kuvamia ardhi za jirani zao. Na kwa miongo kadhaa, katika vyuo vikubwa, ilifundishwa kwamba joto huwafanya watu wa nchi zake wavivu na baridi huwapa wengine akili. Hayo yalivaa joho la sayansi.

Ukiyatazama makosa hayo yote utaona yana asili moja. Ni watu waliosema juu ya mahali bila kupakanyaga, na bila kuwasikiliza wanaopaishi.

Nami nilifanya kosa la aina hiyo, kwa udogo wake. Katika miaka ya mwanzo ya kazi yangu niliombwa nitengeneze ramani ya vijiji vilivyo mbali na huduma ya afya. Nilikuwa na orodha ya vituo, nilikuwa na orodha ya vijiji, na nilikuwa na programu mpya niliyojivunia kuijua. Nikazungushia kila kituo duara la kilomita tano. Kijiji kilichoangukia ndani ya duara nikakipaka kijani, maana yake kiko salama. Kilichobaki nje nikakipaka chekundu. Ilitoka ramani safi, nzuri kutazama.

Tulipoipeleka vijijini kuihakiki, bibi mmoja wa kijiji cha kijani aliomba aitazame. Nikamwonyesha kijiji chake, nikamwonyesha kituo cha afya. Akaweka kidole kwenye ule mstari mwembamba wa bluu uliopita katikati, akaniuliza: "Hapa tunavuka wapi, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Mto ule wakati wa mvua haupitiki, na daraja liko mbali kiasi kwamba mgonjwa wa kubebwa huchukua nusu siku nzima kufika. Duara langu liliruka juu ya maji kama ndege. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nilikuwa nimevipangia vitanda vya vijiji kadhaa ambavyo sikuvilalia. Tuliirudia kazi yote kwa kufuata njia zinazopitika, kiangazi peke yake na masika peke yake. Vijiji vingi vya kijani viligeuka vyekundu. Bibi yule hakuwahi kushika kompyuta, na swali lake lilikuwa la kijiografia kuliko yote niliyojiuliza mezani kwa wiki nzima.

Nimelisema hilo kwa sababu mnaingia katika somo hili wakati lina zana ambazo waliotutangulia hawakuziota. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Canada ilitaka kuijua ardhi yake yote: ipi ya kilimo, ipi ya misitu, ipi ya wanyama. Ramani za karatasi zilikuwa nyingi mno kupimwa kwa mkono. Mwanajiografia Roger Tomlinson akapendekeza ziingizwe kwenye kompyuta, tabaka juu ya tabaka, na kompyuta iulizwe maswali. Huko ndiko ilikoanzia mifumo ya taarifa za kijiografia, ambayo wengi wenu mtaitumia kila siku ya maisha yenu ya kazi. Tarehe 23 Julai 1972 Marekani ikarusha setilaiti ya kwanza ya mfululizo wa Landsat, na tangu hapo dunia imekuwa ikipigwa picha bila kukoma. Mwaka 2008 picha hizo zilianza kutolewa bure kwa yeyote. Leo setilaiti za Ulaya za Sentinel-2 hurudi juu ya sehemu ileile kila baada ya siku chache, na kila nukta ya picha zake bora ni mita 10 kwa mita 10. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida na intaneti anaweza kuona msitu uliokuwapo mwaka aliozaliwa na kilichobaki leo. Sijui kizazi kingine kilichopewa hazina kama hiyo bila kulipishwa.

Na zana hizi huokoa watu. Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko liliibomoa Port-au-Prince, nchini Haiti. Ramani ya mtandaoni ya jiji hilo ilikuwa na mitaa michache tu. Watu wa kujitolea, kila mmoja kwake duniani, walikaa na picha za setilaiti wakachora barabara, madaraja, majengo yaliyoanguka na kambi za waliokosa makazi katika ramani huria ya OpenStreetMap. Ndani ya siku chache waokoaji walikuwa wakiitumia mitaani. Wengi wa waliochora hawakuwahi kufika Haiti, na hapo mtaniambia nimejipinga mwenyewe. Sijajipinga. Walichora kinachoonekana kutoka juu, na waliokuwa chini, wanaojua jina la mtaa na hospitali ipi bado imesimama, wakajaza kisichoonekana. Kazi ya juu na kazi ya chini zilihitajiana.

Yupo mtu ninayemkumbuka kila ninapofikiria kazi ya mezani. Marie Tharp, Mmarekani, alifanya kazi ya kuchora sakafu ya bahari katika miaka ya 1950. Alikuwa mwanamke, na kwa miaka mingi wanawake hawakuruhusiwa kupanda meli za utafiti. Wanaume walikwenda baharini kupima kina, yeye akabaki ofisini na vipimo vyao, akiviweka nukta baada ya nukta. Mwaka 1952 aliona bonde la ufa limekaa juu ya mgongo wa safu ya milima iliyo chini ya Atlantiki, jambo lililoashiria kwamba sakafu ya bahari inapasuka na kuachana. Mwenzake Bruce Heezen alilitupa wazo hilo kuwa ni porojo za wasichana. Kisha mchoraji mwingine ofisini humo alikuwa akiweka vitovu vya matetemeko ya baharini kwenye ramani ya skeli ileile. Ramani mbili zikalazwa moja juu ya nyingine, na matetemeko yakajipanga ndani ya bonde la Tharp. Heezen akakubali. Mwaka 1977 wakatoa ramani ya sakafu ya bahari zote za dunia. Miaka hiyo Tharp hakwenda baharini, lakini mchoro wake ulisimama juu ya vipimo ambavyo mtu alikwenda kuvipima. Wasichana mliomo humu, kitafuteni kisa chake kizima mkisome. Mimi nimekipitia juujuu tu.

Nirudi kwa wazazi, maana swali la kazi bado linanidai.

Nitawaambia ukweli: tangazo la kazi lenye neno "mwanajiografia" ni nadra. Kijana anayetafuta neno hilo atarudi mikono mitupu na kudhani amesoma bure. Atafute swali. Popote palipo na mtu anayeuliza "wapi?" pana kazi yetu. Shirika la takwimu haliwezi kuendesha sensa bila kuigawa nchi katika maeneo ya kuhesabia, yasiyoingiliana wala kuacha nyumba. Kampuni ya bima inataka kujua nyumba ipi iko kwenye njia ya mafuriko. Halmashauri inataka kujua pa kuweka shule, dampo na kituo cha mabasi, na wakazi wa pembeni wataumia vipi. Mamlaka ya maji inafuatilia mabonde na visima. Mashirika ya misaada yanahitaji anayejua chakula kitapita barabara gani mvua ikishaanza. Kuna hifadhi za wanyama, kuna simu na minara yake, kuna usafirishaji, kuna magazeti yanayotaka ramani zisizopotosha. Na kuna ualimu, ambao siutaji mwisho kwa kuudharau. Mwalimu mmoja anayewatoa wanafunzi nje ya darasa wakapime mteremko wa mtaro wa shule yao anaweza kuzaa wanajiografia wengi kuliko chuo kizima.

Lakini msichanganye kazi zinazofanana. Kupima mipaka ya viwanja kisheria, katika nchi nyingi, ni taaluma yenye mafunzo na leseni yake. Anayeitaka hiyo aulize mapema kabla hajachagua kozi, asije kushtuka mwaka wa mwisho.

Na kazi ya kwanza, vijana wangu, mara nyingi haitawavutia. Mtapewa faili lenye majina elfu ya vijiji, kimoja kimeandikwa kwa tahajia nne, na nusu ya vijiji hivyo longitudo yake imebadilishana nafasi na latitudo, hivyo vimeangukia baharini. Mtakaa mwezi mzima mkisafisha. Ifanyeni kazi hiyo kwa heshima. Huko ndiko mtu hujifunza data hutoka wapi na huongopa vipi, na aliyeruka hatua hiyo hutambulika hata akiwa na cheo kikubwa.

Jifunzeni programu za ramani, naam, lakini msizifanye ndizo taaluma yenu. Zile nilizoanza nazo mimi hazipo tena. Yaliyonibeba ni mambo ya zamani: takwimu, ambazo nilizikimbia mwanzoni nikalazimika kuzirudia, kuandika sentensi inayoeleweka na mtu asiye wa fani, kuandika msimbo kidogo wa kuiamuru kompyuta, na kukaa na mzee akanieleza jina la mlima limetokana na nini bila mimi kutazama saa. Hilo la mwisho halina mtihani, na kwa miaka yote niliyofanya kazi hakuna lililonifaa zaidi.

Muda wangu unakwisha, na kijiti kinatusubiri.

Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, mkuu wa maktaba ya Alexandria, Eratosthenes, ambaye ndiye tunayemhesabu kuwa wa kwanza kuipa elimu yetu jina la jiografia, aliambiwa kwamba huko Syene, kusini mwa Misri, siku moja ya mwaka jua la mchana hufika chini kabisa ya kisima, na vitu havina kivuli. Alexandria siku hiyo vilikuwa na kivuli. Akauliza swali letu: kwa nini hapa, kwa nini si kule? Akapima pembe ya kivuli, akapata sehemu moja ya 50 ya duara. Umbali kati ya miji hiyo miwili ulishapimwa. Akauzidisha kwa 50, akapata mzingo wa dunia nzima, na jibu lake halikuwa mbali na hili tulilonalo leo.

Tangu tuketi humu dunia imezunguka digrii kadhaa, kwa kuwa kila saa huzunguka digrii 15. Ncha ya kivuli imekwishaliacha jiwe langu. Tutaweka jiwe la pili inapoishia sasa, tuyaunganishe mawe mawili kwa uzi, na uzi huo utatuonyesha magharibi na mashariki bila dira: jiwe la kwanza ndiyo magharibi. Kisha tutapima urefu wa kijiti na wa kivuli, na kila mmoja atatafuta kwa daftari lake jua liko juu kwa digrii ngapi. Wazazi nanyi mnakaribishwa. Aliye karibu na mlango na atutangulie, ndiye atakayeweka jiwe.